Babake Shakespeare: kutoka faini ya samadi hadi kiti cha meya

Kama ulipitia shule ya upili hapa Kenya, jina Shakespeare lishakukosesha usingizi wakati mmoja au mwingine. Na kama hukumsoma kwa Kiingereza, labda ulikutana naye kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Leo mwandishi mwenyewe tumwache apumzike. Nataka tumwongelee babake, mzee John Shakespeare, msee ambaye karatasi zote zilizobaki zinaonyesha alitia alama badala ya sahihi. Mara nyingine alichora msalaba, mara nyingine bikari, ile kifaa ya kupimia ngozi. Jina lake hakuandika hata mara moja. Na bado mji mzima ulimpa hela zake azitunze.

Mbona nimshughulikie mzee wa karne ya 16? Nitakwambia ukweli. Nilipotoka chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana, wapangaji wa ploti yetu walinichagua kuwa mweka hazina wa kamati ya taka. Nyumba 32, kila nyumba shilingi 100 kwa mwezi, kijana wa mkokoteni alipwe Jumamosi, mengine yawekwe. Nilidhani ni kazi ya mchezo. Miezi minne baadaye daftari langu lilikuwa na pengo la shilingi 1,400 na sikujua zimeenda wapi. Sikuiba, wallahi. Nililipa mfukoni na bado kuna mama hapo ghorofa ya pili hanisalimii vizuri. Ndiyo maana niliposoma kuhusu mtu asiyejua kuandika jina lake aliyetunza hesabu za mji miaka kadhaa, nikasema huyu lazima nimjue.

John alizaliwa miaka ya mwanzo ya 1530 kule Snitterfield, kijiji kilichoko kilomita chache kaskazini mwa mji wa Stratford-upon-Avon, katikati ya Uingereza. Babake Richard alikuwa mkulima wa shamba la kukodi. John hakutaka jembe. Akafanya vile vijana wa ushago wamefanya tangu miji ianze: akahamia mjini kutafuta. Akajifunza kazi ya ngozi, kuilainisha mpaka iwe nyeupe, kisha kushona glavu. Kufikia 1552 alikuwa anaishi barabara ya Henley, na tunajua hivyo kwa sababu moja ya aibu kidogo.

Aprili 29 mwaka huo alipigwa faini ya shilingi moja kwa kurundika samadi barabarani. Hiyo ndiyo mara ya kwanza jina lake kuonekana Stratford. Kabla ya ndoa, kabla ya nyumba, kabla ya vyeo, kuna rundo la mavi ya farasi na ng'ombe mbele ya mlango. Hakuwa peke yake. Walipigwa faini watu watatu, na mmoja wao alikuwa jirani aliyeitwa Adrian Quiney. Shika hilo jina Quiney, tutalirudia.

Na usione shilingi moja ukacheka. Wakati huo ilikuwa karibu ujira wa siku mbili wa fundi. Kilichowakasirisha wakubwa ni kwamba jalala rasmi la mji lilikuwa hapohapo mwisho wa barabara ya Henley, kutembea kidogo tu, lakini hawa watatu waliona ni mbali. Wewe unayetupa mfuko wa taka kwenye mtaro usiku ukidhani hakuna anayekuona, jua una babu wa kihistoria.

Mwaka uliofuata, 1553, mji ulipata kitu kikubwa. Hapo awali mambo mengi ya Stratford, kuanzia shule hadi nyumba za maskini, yalikuwa yakiendeshwa na chama cha kidini kilichoitwa Chama cha Msalaba Mtakatifu. Serikali ya mfalme ilikuwa imevunja vyama kama hivyo mwaka 1547 na kuchukua mali yao, na mji ukabaki hewani. Mwezi Juni 1553 Mfalme Edward wa Sita akatoa hati ya kuufanya Stratford ujitawale, na mali nyingi ya kile chama ikarudishwa mikononi mwa baraza. Siku chache baadaye, Julai 6, mfalme mwenyewe akafa akiwa na miaka 15. Yaani hati iliponea chupuchupu.

Kwa sisi tuliokua tukiona kaunti zikianza 2013, hii hadithi si ngeni. Kazi zinashushwa kutoka juu, pesa kidogo zinafuata, halafu watu wa kawaida wanaambiwa haya, endesheni. Stratford ulikuwa na watu kama 1,500 hivi. Baraza lilikuwa na madiwani wakuu 14 na wajumbe wengine 14, na kila mwaka mmoja wa wakuu alichaguliwa kuwa beilifu, ambaye ndiye sisi tungemwita meya. Hakukuwa na mishahara mikubwa. Walikuwa wauza nyama, wauza nguo, waoka mikate, washona glavu. Ukichaguliwa ukakataa, unapigwa faini. Ukikosa mkutano, faini. Ukitoa nje siri za kikao, faini pia. Jaribu kufikiria hiyo sheria ikitumika kwa MCA wa kwenu.

Baraza jipya lilihitaji watu wa kufanya kazi ndogondogo, na John akaanza chini kabisa. Mwaka 1556, mwaka aliponunua nyumba mbili mjini, aliteuliwa kuwa mwonja pombe. Najua umetabasamu. Hata mimi nilisema hiyo kazi naiomba leo. Lakini ilikuwa kazi ya kupata maadui. Maji ya visima na mito hayakuaminika, pombe nyepesi ilinywewa na wakubwa kwa wadogo, na mkate ndio uliokuwa ugali wao. Mwonja alizunguka kwa wapika pombe na waokaji kuhakikisha pombe si mbovu, kipimo hakijapunjwa na bei ni ile iliyowekwa. Kwa mkate ujanja ulikuwa kwenye uzani. Bei ya mkate ilibaki peni, lakini ngano ikipanda mkate unapungua uzito kwa kiwango kilichopangwa. Mwoka mikate akipunguza zaidi ya hapo, amekuibia. Sisi tuliozoea kuona pakiti ya unga ikikonda huku bei ikikaa palepale tunaelewa hiyo hesabu bila mwalimu.

Sasa cheki. Juni 1557 huyuhuyu mwonja pombe alipigwa faini ya peni nane kwa kukosa vikao vitatu vya mahakama ya mji alivyotakiwa kuhudhuria. Mkaguzi kakaguliwa. Ni kipindi hichohicho alipooa Mary Arden wa Wilmcote, kwa hiyo labda akili ilikuwa kwingine. Na hiyo ndoa ilikuwa ya kupanda ngazi: babake Mary, Robert Arden, ndiye aliyekuwa mwenye shamba ambalo babake John alikodi. Kijana wa mpangaji akaoa binti wa landilodi, tena binti aliyerithi ardhi.

Mwaka 1558 akawa konstebo. Hapa nasema konstebo na msidhani ni polisi wa mshahara na bunduki. Ni jirani aliyepewa zamu ya kutuliza walevi, kusimamia ulinzi wa usiku na kuangalia mambo ya moto, kwa sababu mji wa mbao na mapaa ya nyasi unaweza kuisha kwa cheche moja. 1559 akapewa kazi ya kukadiria faini, yaani sheria isipotaja kiasi, yeye na wenzake ndio wanaamua fulani alipe ngapi. Na karibu na wakati huo huo yeye pamoja na waheshimiwa wengine, Quiney akiwemo, walitozwa peni nne kila mmoja kwa kutosafisha mitaro mbele ya nyumba zao. Hiyo ndiyo sehemu ya hii hadithi ninayoipenda zaidi. Si kwamba walikuwa malaika. Ni kwamba daftari la faini lilikuwa na majina ya wakubwa ndani yake, na wakubwa walilipa. Hapa kwetu kanjo anajua vizuri ni kibanda gani atabeba na ni lango gani hatabisha.

Oktoba 1561 akawa mweka hazina wa mji, yeye na mwenzake John Taylor. Walihudumu miaka miwili. Hii ndiyo kazi iliyofanya mji uende. Fikiria mali yote iliyorithiwa kutoka kwa kile chama: nyumba za kupangisha, mashamba, majengo. Kodi zikusanywe. Paa likivuja, fundi atafutwe na alipwe. Mwalimu wa shule ya mji alikuwa anadai pauni 20 kwa mwaka kwa mujibu wa ile hati, pesa nzuri sana wakati huo, na kasisi naye pauni 20. Maskini wa nyumba za hisani nao wanangoja chao. Pesa ya kuingia inakuja kwa matone, pesa ya kutoka inagonga mlango kila Ijumaa. Mtu ambaye hakuweza kuandika jina lake alibeba haya yote kichwani na kwa mbinu za kuhesabia za watu wa soko, karani akayaweka kwenye karatasi, kisha hesabu ikasomwa mbele ya wenzake waliojua kila senti ilitakiwa kuwa wapi.

Muda wao ulipoisha, baraza liliendelea kumtumia. Waliofuata walishika cheo, lakini hesabu ziliendelea kupitia mikononi mwa John miaka miwili mingine na zaidi. Kuna wakati hata hesabu ilionyesha mji ndio unaodaiwa na yeye, maana alikuwa ametoa zake mfukoni ili mambo yasikwame. Mimi nilitoa 1,400 zikanikera mwaka mzima.

Ndani ya hesabu iliyowasilishwa Januari 10, 1564 kuna mstari mmoja ambao hadi leo unaleta ubishi. Shilingi mbili zililipwa kwa kuharibu picha katika kanisa dogo la mji. Muktadha ni huu: Uingereza ilikuwa imebadilishwa dini na watawala wake mara kadhaa ndani ya miaka michache. Edward alikuwa Mprotestanti, Mary aliyemfuata Mkatoliki, na Elizabeth aliyeingia 1558 akarudisha Uprotestanti, na amri ikatoka kwamba picha za watakatifu ziondolewe makanisani. Stratford walikawia kama miaka minne. Walipotekeleza, hawakubomoa ukuta wala kukwangua kila kitu. Walipaka chokaa. Ukuta wenye picha kubwa ya Siku ya Hukumu, wafu wakifufuka na wengine wakiburutwa motoni, ukageuka mweupe. Mwaka 1804 chokaa ilipotolewa, picha zilikuwa bado chini yake.

John alikuwa Mkatoliki wa moyoni aliyezificha makusudi, au mweka hazina aliyetafuta njia ya bei rahisi? Wanahistoria wamegawanyika na hawajapatana. Mimi, kwa vile nishashika daftari la pesa za watu, naegemea hili la pili. Chokaa ni rahisi. Amri ya juu imetimizwa, risiti ipo, na mji haujapasuka katikati. Lakini sikatai kwamba mkono wake huenda ulikuwa mzito siku hiyo.

Miezi mitatu baada ya hesabu hiyo, Aprili 26, 1564, John na Mary walimbatiza mtoto wa kiume, William. Mwaka uliotangulia, mwezi huohuo wa Aprili, walikuwa wamemzika binti yao Margaret akiwa bado mchanga. Na William hakuwa amefikisha hata miezi mitatu tauni ilipoingia mjini. Kitabu cha kanisa kinaonyesha ilianza Julai. Kufikia Desemba zaidi ya watu 200 walikuwa wamezikwa. Katika mji wa watu 1,500 hebu piga hiyo hesabu wewe mwenyewe. Kila barabara, kila ukoo.

Sisi tuliopitia 2020 tunajua jinsi mikutano inavyovunjika watu wakiogopa pumzi za wenzao. Baraza la Stratford halikuvunjika. Agosti 30 walikutana nje, kwenye bustani ya kanisa lilelile la chokaa, ili wasijifungie ndani pamoja. Ajenda kubwa ilikuwa watu maskini waliokwama majumbani. Wajumbe wakachanga palepale na majina na kiasi vikaandikwa. John alitoa peni 12, shilingi nzima, na akachanga tena wiki zilizofuata. Nyumbani alikuwa na mtoto wa miezi minne. Angeweza kumchukua Mary na mtoto na kwenda kwa ndugu huko Snitterfield. Labda wao aliwapeleka, lakini jina lake liko kwenye orodha za mchango, kikao baada ya kikao.

1565 diwani mkuu mmoja alifukuzwa kwa kulisema vibaya baraza, na John akachukua nafasi yake. Kuanzia hapo joho lenye manyoya, pete kidoleni, na heshima ya kuitwa bwana. Septemba 1568 akachaguliwa beilifu. Miaka 16 baada ya lile rundo la samadi, aliyekuwa amepigwa faini alikuwa sasa anatembea barabara ileile huku maofisa wenye rungu za heshima wakimtangulia.

Kazi za beilifu ukizisoma unachoka kwa niaba yake. Alikuwa hakimu wa mahakama ya mji, kesi za madeni madogo na ugomvi wa majirani. Ndiye aliyesimamia soko na bei za mkate na pombe, safari hii akiwatuma wengine kuonja. Ndiye aliyesaini, au tuseme aliyetia alama, hati za mji. Na ndiye aliyeamua burudani gani iingie. Kiangazi cha 1569 makundi mawili ya waigizaji yalifika Stratford, la Malkia na la Mkuu wa Worcester. Wakati huo kundi la waigizaji likifika mjini lilikwenda kwanza kwa meya kuomba ruhusa. Kumbukumbu za Stratford hazionyeshi waigizaji kulipwa na mji kabla ya mwaka huo. John alikubali, na hazina ikawalipa kundi la Malkia shilingi tisa na wale wengine shilingi moja. William alikuwa na miaka mitano. Nakuachia hapo uwaze mwenyewe.

Sasa tufike kwenye uchafu, maana sitaki uondoke ukidhani namtengenezea sanamu. Mwaka 1570 John alishtakiwa kwa kukopesha pesa kwa riba, wakati ambapo sheria ilikataza riba yoyote. Mikopo miwili, mmoja wa pauni 100 na mwingine wa pauni 80, kila mmoja na faida ya pauni 20. Mkopo ule mkubwa unadaiwa kutolewa Oktoba 1568, wiki chache tu baada ya kukalia kiti cha umeya. Shilingi 40 alilipa faini kwa kesi mojawapo. Halafu ikaja ya sufu: alidaiwa kununua sufu ya kondoo kimagendo, zaidi ya tani tatu, biashara iliyotengewa watu maalum. Kumbe glavu zilikuwa za dirishani na pesa zilikuwa chumba cha nyuma. Waliomchongea walikuwa watu wanaoishi kwa kuchongea, kwani mchongezi alipewa sehemu ya faini. Mtu aliyekadiria faini za majirani usiku alikuwa na deili zake. Hii nayo hatuijui ngeni.

Mji haukumtupa. 1571 alichaguliwa kuwa msaidizi wa beilifu, na beilifu mwenyewe alikuwa nani? Adrian Quiney, yule wa samadi. Januari 1572 hao wawili walitumwa London kwa shughuli za mji. Safari ya siku kadhaa juu ya farasi. Natamani kujua kama waliicheka ile shilingi.

Halafu mwisho wa 1576 akaacha kwenda baraza. Ghafla. Mtu ambaye kwa zaidi ya miaka kumi alikosa vikao kwa nadra sana, haonekani tena. Mwaka huohuo serikali ilikuwa imewabana wafanyabiashara wa sufu na kusimamisha biashara zao, na kama chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa kinalisha nyumba, basi chakula kiliisha hapo. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, na William alikuwa na 12.

Ukitazama hesabu za mji baada ya hapo unaona kitu cha ajabu. Kanuni ilisema diwani asiyekuja anatozwa. John hakutozwa. Mwaka 1578 kulipokuwa na mchango wa kuwapa askari silaha, alipangiwa nusu ya kile wenzake walipangiwa, na hata hicho akashindwa kulipa. Mwezi Novemba madiwani walipotakiwa kutoa peni nne kila wiki kwa ajili ya maskini, waliandika kwamba yeye asilipe kitu. Yule aliyetoa shilingi nzima bustanini wakati wa tauni. Mwezi huo huo aliweka rehani ardhi ya mkewe, ile ya urithi wa Arden, kwa pauni 40. Ardhi hiyo haikurudi, na kesi yake iliendelea miaka mingi.

Miaka kumi kiti chake kilikaa wazi na jina lake likabaki orodhani. Alijitokeza mara moja, Septemba 1582, kupigia rafiki kura ya ubeilifu, akatoweka tena. Septemba 1586 ndipo wakamwondoa, na sababu waliyoiandika ni fupi na haina matusi: haji vikaoni hata akiitwa, na amekuwa hivyo muda mrefu.

Nimewaza sana kuhusu hiyo miaka kumi. Unaweza kusema ni ukabila wa wazee wa baraza, wanalindana. Mwingine hangesamehewa, mwoka mikate aliyepunja angelipa tu. Hilo ni kweli na linaniwasha. Lakini pia walijua ni nani alikuwa amebeba hesabu zao zile siku ambazo mji ulikuwa unadaiwa na yeye. Siwezi kuamua. Mama wa ghorofa ya pili angenipa hata mwezi mmoja?

1592 jina lake likatokea kwenye orodha ya watu wasiohudhuria kanisa, na maelezo kwamba yeye na wengine kadhaa waliogopa kukamatwa kwa madeni. Hebu fikiria meya mstaafu anaogopa Jumapili. Lakini mwanawe alikuwa sasa London, anatajika, hela zinaingia. Mwaka 1596 John alipewa nembo ya ukoo, ile ndoto ya kutambuliwa rasmi kama mwungwana, na cheo cha ubeilifu kilikuwa mojawapo ya sababu zilizotajwa. Mwaka huohuo mjukuu wake Hamnet, mwana wa William, alizikwa akiwa na miaka 11. Furaha ya huyu mzee haikukaa peke yake hata siku moja.

Mambo ya mji yalimwita mara ya mwisho. Mwaka 1601 bwana mwenye manor ya Stratford, Sir Edward Greville, alikuwa anapigana na baraza. Alizungushia ua Bancroft, uwanja wa malisho wa umma, na kulikuwa na mvutano kuhusu ushuru wa nafaka sokoni. Wanyakuzi wa viwanja vya umma, hata hiyo tumerithi. Aliyesimama mbele kumpinga alikuwa Richard Quiney, mwana wa Adrian. Alipoandaa kesi alihitaji watu wanaokumbuka mambo yalikuwa vipi zamani, nani alikusanya ushuru, nani aliutumia. Kwenye karatasi zake kuna orodha fupi ya majina, na mawili kati yake ni Adrian Quiney na John Shakespeare. Wazee wawili, John akikaribia miaka 70, miaka 49 baada ya faini.

John alizikwa Septemba 8 mwaka huo. Mwaka uliofuata, Mei 1602, Richard Quiney akiwa beilifu aliingilia ugomvi wa usiku kati ya watu wa Greville na mwenye baa mmoja, kazi ileile ya kutuliza walevi ambayo John alikuwa akifanya akiwa konstebo. Akapigwa kichwani, akafa kutokana na hilo jeraha.

Alimwacha mwana aliyeitwa Thomas. Februari 1616 Thomas Quiney alimwoa Judith, binti ya William, mjukuu wa John, na zile nyumba mbili za samadi zikawa ukoo mmoja. Thomas naye alikuja kuwa mweka hazina wa mji, 1621 hadi 1623, kwenye meza ileile ya babu wa mkewe. Tofauti na babu, yeye alijua kusoma na kuandika vizuri, na hesabu yake moja aliipamba hata kwa mistari ya Kifaransa. Baraza likaipitia, likaona ina kasoro, likamrudishia akairekebishe kwanza.